Haki ya Mchuma Chai i Juu ya Nani?

Suali lililoletwa mbele ya darasa letu, na ambalo tulilizungumza siku nyingi kabla ya kulishikia kalamu, ni hili: Mtu anunua pakiti ya chai dukani kwa bei aliyoitaja mwenye duka, amelipa taslimu, hakukopa wala hakupunja. Ikiwa yule aliyeichuma chai hiyo huko bara amedhulumiwa ujira wake, au bei ya majani yake, je, mnywaji ana dhima yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu? Au dhambi ni ya aliyedhulumu peke yake?

Wako walioliona suali hili kuwa ni kujitafutia uzito usiokuwako. Walisema: chai ni halali, fedha ni halali, na makubaliano yamepita, kuuliza zaidi ya hapo ni wasiwasi, na wasiwasi hatukuamrishwa. Hoja hii ina nguvu, wala hatutaki kuipita kando kama kwamba hatukuisikia. Dini yetu haikumtaka mtu aifuatilie kila tende mpaka kwenye mtende wake. Lau ingekuwa hivyo, masoko yote yangefungwa na watu wangekufa njaa. Lakini iko tofauti baina ya kutopeleleza na kufumba macho, na tofauti hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa.

Chai si kitu cha mbali nasi. Hapana khitma, hapana arusi, hapana baraza ya alasiri isiyo na birika. Mkandaa wa iliki na tangawizi twaupenda, na chai ya maziwa kwa mahamri ndicho chakula cha asubuhi katika nyumba zetu nyingi. Na zaidi ya hayo liko jambo ambalo wengi wetu hupita mbele yake kila siku bila ya kulitafakari: bei ya chai ya Afrika ya Mashariki haifanywi London wala Nairobi. Yafanywa Mombasa, katika mji wetu wenyewe. Kwa hiyo tukiulizwa habari ya mchuma chai, hatuulizwi habari ya mgeni. Twaulizwa habari ya mtu ambaye riziki yake hupita mikononi mwa watu wa pwani kabla haijamrudia.

Tuchukue mfano wa mahali pamoja, ili maneno yetu yasiwe ya hewani. Silibwet ni mji mdogo katika kaunti ya Bomet, karibu na mji wa Bomet wenyewe, katika nchi ya Wakipsigis. Ni nchi ya juu, yenye mvua nyingi na asubuhi za baridi. Wengi wa watu wake wana mashamba madogo, na katika shamba moja utakuta chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Mchumaji, na mara nyingi ni mwanamke, hupita baina ya mistari ya michai akichuma majani mawili na kichipukizi, akatupa nyuma katika kikapu. Kilo nne na nusu za majani mabichi, au karibu na hizo, ndizo zitoazo kilo moja ya chai kavu. Na jani likishachumwa halingoji. Lataka kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo huharibika. Mwenye mahindi aweza kuyaweka ghalani akangojea bei nzuri. Mwenye majani ya chai hana ghala. Jambo hili msomaji aliweke moyoni, kwa kuwa hoja yetu yote itasimama juu yake.

Majani hayo hupelekwa kwenye kituo cha kupimia, na kutoka huko hadi kwenye kiwanda cha wakulima wadogo. Viwanda kama Kapkoros na Tirgaga katika kaunti hiyo ya Bomet ni vya namna hii. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni iliunda shirika la kuwasimamia Waafrika waliokuwa wameanza kuruhusiwa kupanda mazao ya biashara. Mwaka 1964 likageuzwa kuwa mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ndiyo KTDA. Na mwaka 2000 likatoka katika mikono ya serikali, likawa kampuni ya wakulima kwa njia ya viwanda vyao. Leo wakulima hao ni zaidi ya laki tano, na zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwao. Kwa maandishi, basi, mkulima wa Silibwet si kibarua wa mtu. Ndiye mwenye shamba, na ndiye mwenye fungu katika kiwanda.

Lakini tuangalie namna anavyolipwa. Kila mwezi hupata malipo ya kwanza kwa hesabu ya kilo alizopeleka. Malipo ya pili, waiitayo bonasi, hungojea hesabu za mwaka zifungwe mwisho wa Juni, kisha hutangazwa, na mara nyingi huwa ni Septemba au Oktoba. Kwa hiyo jani lililochumwa mwezi wa Julai, bei yake kamili hujulikana baada ya miezi 14 au 15. Na siku ya kutangazwa ikifika, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, yaani Kericho, Bomet na nchi ya Kisii, kwa miaka mingi wamejikuta wakipewa kidogo kuliko wenzao wa mashariki ya Bonde. Huambiwa kwamba chai ya mashariki hupata bei ya juu zaidi mnadani. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, kwani wanunuzi hununua kwa rangi na ladha. Lakini mkulima akiuliza ni kiasi gani cha upungufu kimetokana na jani lake, kiasi gani na gharama za kiwanda, na kiasi gani na mikopo iliyokopwa kwa jina lake, jawabu humfikia kwa taabu, na humfikia amekwisha kuuza.

Sasa turudi pwani. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 1992 hesabu zake ni kwa dola za Marekani. Chai huletwa kwa malori kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyenginezo, ikawekwa katika maghala ya Shimanzi na Changamwe. Huonjwa, hutiwa bei na madalali, kisha hunadiwa. Na tangu mwaka 2020 wanunuzi hawakai tena ukumbini kushindana kwa sauti, bali hununua kwa kompyuta. Na wanunuzi hao ni nani? Tumezoea kusema kwamba ni Wazungu. Ni kweli kwamba Uingereza imo. Lakini mnunuzi wa kwanza kwa miaka mingi amekuwa Pakistani, na miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa miaka hiyo zimekuwamo Misri, Imarati, Sudani na Yemeni. Kwa hiyo Mwislamu asiseme kwamba jambo hili ni baina ya Mzungu na mtu wa bara, na kwamba yeye ni mpita njia. Sehemu kubwa ya chai hiyo huishia katika vikombe vya ndugu zake.

Tukisha kuyajua hayo, tuipime hoja ya wale waliosema kwamba makubaliano yamepita. Hapana shaka kwamba ridhaa ya pande mbili ni nguzo ya biashara. Lakini ridhaa ni nini? Wanazuoni wameeleza kwamba Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikataza watu wa mjini kutoka kwenda kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni. Na ni kwa nini? Mwenye bidhaa alikuwa ameridhika, alipewa fedha na akazipokea, hakushikiwa upanga. Illa alikuwa hajui bei ya mjini, na aliyemlaki alikuwa aijua. Na katika mapokezi yaliyothibiti, mwenye bidhaa amepewa khiyari atakapofika sokoni: akiona amepunjwa, ana haki ya kuivunja biashara ile. Mafunzo ya hukumu hii ni makubwa. Yatuonyesha kwamba ridhaa ya asiyejua si ridhaa kamili, na kwamba ujuzi wa bei ni haki ya muuzaji, si fadhila afanyiwayo na mnunuzi.

Tulinganishe basi. Mji wetu ndio mji wa hadithi ile, na mkulima wa Silibwet ndiye mwenye msafara. Bei ya chai hujulikana Mombasa kila wiki. Kule hujulikana kwa ukamilifu wake baada ya mwaka na zaidi. Mwenye msafara wa zamani alipewa khiyari ya kurudisha mauzo. Huyu wetu hana, kwa kuwa jani lake limekwisha kuwa chai, na chai imekwisha kuwa maji katika tumbo la mtu wa Karachi. Hatusemi kwamba kila anayeshika biashara hii ni mdanganyifu. Twasema kwamba mpango wenyewe umemweka muuzaji katika hali ile ile ambayo sheria ilitaka kumkinga nayo. Ndiyo maana wako wakulima wanaowapa majani yao wachuuzi wanaopita njiani kwa fedha taslimu, hata kwa bei isiyokuwa bora, na wakuu wa viwanda huwalaumu. Mwenye kuwalaumu na aulize kwanza: mtu huchagua kichache cha leo juu ya kingi cha mwakani kwa sababu gani, ikiwa si kwamba hana yakini ya hicho kingi?

Wako watakaosema: basi serikali ikate bei, na mambo yamekwisha. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwezi wa Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa mnadani kwa chai ya wakulima wadogo, dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema. Lakini wanunuzi hawakulazimishwa kununua. Chai nyingi, khasa ya magharibi ya Bonde, ikalala maghalani ikizeeka, na baadaye kima kile kikaondolewa. Wanaoijua sira watakumbuka kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume awakatie bei, naye akakataa kwa kuchelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafi wameshika katazo hilo. Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka 1328, alifafanua katika kitabu chake juu ya hisba kwamba katazo ni pale bei inapopanda kwa uchache wa vitu bila ya hila ya mtu. Ama pale watu wanapozuia vitu kwa dhulma, mtawala ana haki ya kuwalazimisha bei ya haki. Sisi hatuingii katika kuamua baina ya rai hizi. Twachukua tu lile ambalo pande zote zimekubaliana: kwamba haki katika soko huanza kwa kuondoa hila na giza, kabla ya kufika kwenye idadi ya shilingi.

Mpaka hapa tumemsema mwenye shamba dogo. Lakini yuko na mchumaji asiyekuwa na shamba, na haki yake ni nzito zaidi. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalipewa ardhi kubwa za Kericho zilizokuwa za Wakipsigis, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ulitungiwa sheria ya kuuondoa, ukahamishiwa Gwassi karibu na ziwa. Wazao wao wangali wakidai. Sisi tuliosoma milango ya ghasbu katika vitabu vya fiqhi twajua kwamba haki ya mtu haifi kwa kupita zamani. Juu ya ardhi hiyo ndipo vibarua waliishi na kuchuma kwa hesabu ya kilo; na Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70, waliofanya kazi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na makampuni mawili, Unilever na James Finlay, walieleza kwamba walidhalilishwa na wasimamizi wao, na wengine wakatakwa miili yao ndipo wapewe kazi. Makampuni yalisema kwamba yameshtushwa na khabari hizo. Miezi mitatu baadaye, Mei 2023, watu walizichoma moto mashine za kuchumia chai huko Kericho kwa kuwa zilikuwa zikiwatoa watu kazini. Kuchoma mali ya mtu hatukuhalalishi. Lakini atakayeuona moto na asitake kujua kuni zilitoka wapi, huyo hakutaka kuuzima.

Hapa ndipo zinapokuja zile alama ambazo siku hizi huonekana juu ya pakiti za chai, kahawa na chokoleti. Wazo la alama ya biashara ya haki lilianza Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa. Na Uingereza mwaka 1994 bidhaa ya kwanza kuwekwa alama hiyo ilikuwa ni chokoleti, kwa kakao ya wakulima wa Belize. Mpango wake ni kwamba mnunuzi aongeze kiasi maalumu juu ya bei, kiasi hicho kiende kwa chama cha wakulima, nao waamue wenyewe kujengea shule, zahanati au barabara. Ni jambo jema, na wako wakulima wa chai wa Kenya waliofaidika nalo, ingawa mara nyingi ni sehemu tu ya chai yao inunuliwayo kwa masharti hayo. Ziko na alama nyengine ambazo haziongezi bei kwa namna hiyo, bali hushuhudia kwamba shamba limekaguliwa. Mwaka 2007 mashamba ya Unilever ya Kericho yalikuwa ya kwanza duniani katika chai kupewa alama ya chura ya Rainforest Alliance. Lakini chura yule hakuwaona wanawake wale, au aliwaona asiseme.

Twasema hivi bila ya kebehi. Alama ni shahidi. Na kadhi akiletewa shahidi humwuliza: wewe ulikuwako? Uliona kwa macho yako, au uliambiwa na yule yule anayeshtakiwa? Mkaguzi aliyealikwa kwa siku iliyotangazwa, akatembezwa na meneja, akazungumza na kibarua mbele ya msimamizi wake, ushahidi wake ni dhaifu hata kama nia yake ni safi. Kwa hiyo anayenunua pakiti yenye alama amefanya jambo la kheri. Lakini asidhani kwamba amenunua na usingizi wa dhamiri pamoja nayo.

Nchi ya kakao ina kisa ambacho chafaa kusimuliwa, kwa kuwa ndicho kinacholigusa suali letu kwa karibu kuliko vyote. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kampuni ya chokoleti ya Cadbury ya Uingereza ilikuwa ikinunua kakao kutoka kisiwa cha São Tomé, koloni ya Wareno. Wenye kampuni walikuwa watu wa dini na wapinzani wa utumwa. Mwaka 1901 iliwafikia khabari kwamba wafanya kazi wa kisiwani, waliochukuliwa kutoka Angola, kwa hakika walikuwa watumwa. Walituma wachunguzi, wakawaandikia wakuu, wakasema kwamba wakiendelea kununua watakuwa na sauti ya kuwaonya Wareno. Waliendelea kununua mpaka mwaka 1909. Gazeti moja la London likawashutumu, nao wakalishtaki kwa kuvunjiwa heshima. Baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi, na fidia waliyopewa ilikuwa ni farthing moja, yaani robo ya peni. Ni kama kwamba liliwaambia: hamkuwa waongo, lakini heshima iliyobaki kwenu baada ya kununua miaka minane huku mkijua, thamani yake ni hii.

Wala kisa hicho hakikuishia kwa Wareno. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia saini kwamba yataziondoa kazi mbaya kabisa za watoto katika kakao ya Ivory Coast na Ghana ifikapo mwaka 2005. Muda ulifika, jambo halikutimia, na muda ukasogezwa mbele. Ahadi isiyokuwa na mwenye kuidai ni rahisi kuiweka.

Lakini kabla ya kumnyooshea kidole Mzungu wa chokoleti, yatupasa tuangalie kwetu. Karafuu za Unguja na Pemba zilizotajirisha pwani katika karne ya 19 zilichumwa na watumwa. Na mtama na ufuta wa Malindi vivyo hivyo. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Miongoni mwa waliokula fedha za karafuu zile walikuwamo watu wa sala na saumu, waliojenga misikiti na kuweka wakfu visima. Wengi wao hawakuwa waovu kwa tabia. Desturi iliwafunika, wakaona jambo ambalo kila mtu alifanya kuwa ni jambo lisilo na suali. Na dini ilikuwa imewaachia milango mingi ya kumwacha huru mtumwa. Walioipita walikuwa wachache kuliko waliosimama nje wakiisifu. Twalitaja hili kwa sababu moja: mtu huiona wazi dhulma ya zama zilizopita, na dhulma ya zama zake huiita bei ya soko.

Sasa twafika kwenye jawabu. Twaona kwamba dhima haiko sawa kwa watu wote, bali ni kwa daraja.

Daraja la kwanza ni la yule ambaye mkono wake wagusa haki ya mwenziwe: karani wa mizani huko kituoni, meneja wa kiwanda, msimamizi wa shamba, dalali, mwenye ghala, mpakizaji. Huyu hana pa kukimbilia. Sura nzima ya Qurani, Suratul Mutaffifin, imefunguliwa kwa kuwaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kamili, na wakipima wao hupunguza. Wala haikutaja ukubwa wa upungufu. Na katika daraja hili yumo mkulima mwenyewe, anapotia majani makuukuu na maji katika kikapu ili kizidi uzito, au anapomwajiri mchumaji kisha akamcheleweshea ujira wake kwa kusema kwamba bonasi haijaja. Aliyedhulumiwa hajapewa ruhusa ya kudhulumu.

Daraja la pili ni la yule ajuaye na mwenye sauti: mfanya biashara anunuaye kwa wingi, mwenye kampuni ya kufunga pakiti, mwenye duka kubwa, msomi, khatibu. Huyu akijua kisha akanyamaza kwa kuwa ukimya una faida kwake, hana tofauti kubwa na wale wa São Tomé. Hatumwambii aache kununua. Kugomea chai hakumnusuru mchumaji. Jani la Silibwet litaoza, na mkulima atalala njaa akiwa na kheri zetu. Twamwambia anunue huku akiuliza, na aulize kabla ya kulipa, wakati ambapo muuzaji bado ahitaji kumjibu.

Daraja la tatu ni la mnywaji wa kawaida, mama anayepika chai ya asubuhi, na mzee wa barazani. Huyu, ikiwa hajui, hana dhambi, na chai yake ni halali, wala asitiliwe shaka katika riziki yake. Lakini akisha kujua, limemlazimu jambo moja dogo: asiseme kwamba halimhusu. Chuki ya moyo juu ya dhulma ni daraja ya chini kabisa ya imani, na aliyeikosa hata hiyo amekosa kitu kikubwa.

Na kwa vitendo, tufanye nini? Twaona mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni khabari ya bei. Hii ni amana iliyoko mikononi mwa mji wetu. Ndugu zetu walioko katika mnada, katika udalali na katika maghala, wana uwezo wa kusaidia dai ambalo wakulima wenyewe wamekuwa wakilitoa: kwamba kila mwezi, penye kila kituo cha kupimia, ibandikwe bei iliyopatikana mnadani kwa chai ya kiwanda kile, na gharama zilizokatwa, kwa maneno ambayo mwenye kikapu aweza kuyasoma. Jambo hili haliongezi gharama ya chai hata senti moja. Lamrudishia muuzaji macho yake. Na wafanya biashara wetu wenye mikono Dubai, Karachi na Cairo na waseme huko kwamba mnunuzi Mwislamu apenda kujua chai yake imelipiwa nini, kama apendavyo kujua nyama yake imechinjwa vipi.

La pili liko karibu zaidi, ndani ya nyumba zetu. Chai ile hutiwa kikombeni na nani? Mara nyingi ni msichana aliyetoka vijijini, huenda kutoka nchi hizo hizo za majani, ambaye huamka kabla ya adhana ya alfajiri na hulala baada ya watu wote. Wako wanaomlipa mshahara wake kwa ukamilifu na kwa wakati. Na wako wanaomwambia angojee mwezi ujao, kwa kuwa mwezi huu kuna arusi. Tumefundishwa kwamba mfanya kazi alipwe kabla ya jasho lake kukauka. Mwenye kulia na dhulma ya Kericho naye hajamlipa mtumishi aliye jikoni mwake, kilio chake hakitamfaa kitu.

Hayo ndiyo tuliyoyaona. Atakayekuwa na hoja iliyo bora kuliko hizi na atuletee, tutaisoma darasani na kuichapisha. Na twamwomba Mwenyezi Mungu asitujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao Siku ya Kiyama watadaiwa na watu wasiowajua, kwa haki ambazo walizinywa wakizisifu kwa utamu wake.